Njia ya matembezi kando ya reli ya mizigo: nipinge au niunge mkono?

"Mtaalamu, habari za kazi. Tunaishi Marekani, na nyuma ya nyumba yetu kuna reli ya mizigo. Treni hupita mara chache tu kwa siku. Halmashauri ya mji inataka kujenga njia ya kutembea na baiskeli, kilomita tano hivi, ndani ya hifadhi ya reli, sambamba na treni. Mtaa umegawanyika. Jirani mmoja anasema ni kuwapeleka watoto machinjioni. Mwingine anasema wakishaweka uzio mambo yamekwisha. Wa tatu anataka reli ing'olewe kabisa kwa kuwa treni zenyewe ni za kuhesabu. Na hata sasa wanafunzi hupita juu ya mataruma kukata njia ya kwenda shule, wanangu wawili nao wameanza kuwafuata. Kikao kijacho tutaulizwa msimamo wetu. Je, njia hiyo ni salama? Iwe mita ngapi kutoka relini? Na mtu akigongwa, nani atabeba lawama?"

Dada, nianze na sentensi uliyoitaja kama jambo la pembeni: wanafunzi wanaopita juu ya mataruma, wanao wakiwemo. Mtaa wenu unajadili njia mpya kana kwamba leo hii hakuna mtu anayekanyaga pale. Wapo, tena wanatembea mahali pabaya kuliko pote, katikati ya reli zenyewe. Kwa hiyo swali la "njia ni salama au si salama" halitawafikisha popote. Ulizeni kama njia hii, kwa jinsi ilivyochorwa, itawatoa watu relini au itawaongeza. Mchoro mmoja unaweza kuwatoa, mwingine ukawaongeza, na tofauti yake iko katika mambo machache ambayo mtu asiye mhandisi anaweza kuyakagua mwenyewe.

Kwanza tuondoe dhana kwamba treni chache ni hatari ndogo. Treni ya mizigo haina ratiba inayojulikana mtaani. Inaweza kupita saa nane mchana leo na saa tano usiku kesho. Mtu aliyepita mwezi mzima bila kuiona huacha kutazama, na akili yake huhesabu reli ile kama barabara ya vumbi. Kwenye reli yenye treni nyingi watu huwa na woga unaowasaidia, na woga huo kwenye reli kama yenu haupo.

Dhana ya pili ni kwamba utaisikia ikija. Kelele nyingi za treni hutokea kwenye magurudumu na kuenea kandokando na nyuma, mbele yake sauti inayotangulia ni ndogo. Reli nyingi za siku hizi zimeunganishwa kwa kuchomelewa, na juu yake ule mdundo wa zamani wa gurudumu kuruka kiungio haupo tena. Kuna nyakati kichwa cha treni kiko nyuma kinasukuma, na kinachotangulia ni behewa lisilo na injini. Mtoto mwenye spika za masikioni, upepo ukivuma kinyume, anaweza kushtuka imeshamkaribia. Macho nayo hudanganya: kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwako huonekana kama kinajongea taratibu. Hilo limeelezwa na wataalamu wa uoni tangu miaka ya 1980, na ndiyo sababu mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukadiria vibaya kiasi kile.

Dereva hana cha kufanya. Treni ya mabehewa 100 hivi, ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 88 kwa saa, huhitaji kama kilomita moja na nusu au zaidi ili isimame, hata akivuta breki ya dharura papo hapo. Chuma juu ya chuma hakishiki kama tairi inavyoshika lami, na uzito wa nyuma unaendelea kusukuma. Dereva akimwona mtu mita 400 mbele, ana sekunde 16 tu kabla ya kumfikia, na muda wote huo treni inakimbia karibu na kasi ile ile. Anachoweza ni kupiga honi.

Sasa umbali. Hapa kuna kitu ambacho watu wengi hawakijui hadi uwaonyeshe kwa futikamba. Nafasi kati ya reli mbili ni milimita 1,435. Behewa la mizigo la Marekani linaweza kuwa na upana wa zaidi ya mita tatu. Yaani linatokeza karibu mita moja nje ya reli kila upande. Mtu aliyesimama kwenye kokoto, hatua moja kutoka kwenye chuma, anaamini yuko nje, kumbe amesimama ndani ya njia ya behewa. Ongeza mkanda wa turubai uliolegea, mnyororo unaoning'inia, au shehena iliyosogea safarini. Ongeza pia mashine za matengenezo, zile zinazosawazisha kokoto kwa mabawa yanayofunguka pembeni, na magari ya kuondoa theluji yanayorusha vipande vya barafu na mawe. Umbali unahitajika kwa ajili ya vyote hivyo, pamoja na nafasi ya gari la mafundi kupita bila kuifunga njia yenu.

Marekani haina kipimo kimoja cha kitaifa kinachosema "mita kadhaa, basi". Utafiti wa Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo uliotolewa mwaka 2002 ulikuta njia za aina hii zikiwa kati ya mita 2 na mita 30 kutoka mstari wa katikati ya njia ya treni, wastani ukikaribia mita 10. Zingatia maneno hayo, mstari wa katikati. Kwenye vikao nimeona mara nyingi mtu mmoja akipima kutoka kwenye chuma, mwingine kutoka katikati, wa tatu kutoka kwenye uzio, kisha wanagombana kwa namba tatu zinazoelezea mahali pamoja. Muulize mchoraji amepima kutoka wapi mpaka wapi. Jibu linalofaa ni kutoka mstari wa katikati hadi ukingo wa njia ulio karibu na treni.

Ukitaka maoni yangu binafsi: kwenye reli ambayo treni hufika kilomita 80 kwa saa, chini ya mita 5 ningepinga, labda iwe ni kipande kifupi chenye ukuta imara, kwa mfano pembeni ya daraja. Kuanzia mita 8 hadi 10, penye mtaro au tofauti ya kimo katikati, nalala usingizi. Kwenye reli ambayo treni hutambaa kilomita 15 kwa saa, mambo hulegezwa. Kwa hiyo mwendo wa treni ni lazima ujulikane kabla ya kubishania mita, na nitakuambia chini jinsi ya kuupata. Ila usidhani mita 10 humkinga mtu na treni iliyoacha njia. Behewa lililopinduka linaweza kwenda mbali kuliko hapo. Ni tukio la nadra, nalo ni hatari ile ile inayoikabili nyumba yako iliyo nyuma ya reli.

Lakini wasiwasi wangu mkubwa hauko kwenye kutembea sambamba na treni. Uko pale njia inapovuka reli, au pale watu watakapotaka kuvuka na mchoro haukuwapa nafasi. Chukua karatasi ya ramani yenu uweke alama shule, maduka, kituo cha basi, uwanja wa mpira. Kisha tazama njia imepangwa upande upi wa reli. Ikiwa nyumba nyingi ziko upande mmoja na shule iko upande wa pili, watoto watavuka. Watavuka palipo karibu, hata mkiwawekea kivuko kizuri nusu kilomita kutoka hapo. Mpangaji mwenye uzoefu huanza kwa kutembelea reli na kutazama nyasi: palipokanyagwa pakawa na kijia chembamba kinachopanda tuta na kushuka upande wa pili, hapo ndipo penye uhitaji wa kivuko. Wanao na wenzao wameshawachorea.

Kivuko cha waenda kwa miguu kina hesabu yake, nayo si ngumu. Tuseme mtu husimama mita 4.5 kabla ya mstari wa katikati, na huwa amesalimika akiwa mita 4.5 upande wa pili. Hizo ni mita 9. Mzee anayetembea mita 0.9 kwa sekunde atatumia sekunde 10. Treni ya kilomita 88 kwa saa hukimbia zaidi ya mita 24 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde hizo 10 imeshakula karibu mita 245. Maana yake, mzee yule akiwa amesimama anapaswa kuiona reli wazi zaidi ya mita 245 kila upande, na ongezo la kutosha la kugeuza shingo na kuamua. Penye kona, kichaka au behewa lililoegeshwa, haoni umbali huo, na hapo kivuko kinahitaji taa na kengele, au kihamishwe. Zikiwa njia mbili za treni sambamba, mzigo huongezeka, na huja hatari nyingine ambayo imeua wengi: treni ya kwanza inapita, mtu anachomoka nyuma ya behewa la mwisho, kumbe ya pili inakuja kutoka upande mwingine, sauti yake imemezwa na ile ya kwanza.

Tazama pia sakafu ya kivuko. Kando ya kila reli, upande wa ndani, huachwa mfereji ili ukingo wa gurudumu la treni upite. Kwenye reli za mizigo mfereji huo hufikia kama milimita 75. Gurudumu dogo la mbele la kiti cha magurudumu, au la kigari cha mtoto, hutumbukia humo na kugeuka likakwama. Tairi ya baiskeli inayovuka kwa pembe kali hufanya vivyo hivyo. Dawa yake ni njia kupindishwa kidogo ili ivuke reli kwa pembe mraba, na kujazwa kwa mpira au zege hadi usawa wa chuma. Kwenye mchoro ikionekana njia inaikata reli kwa mshazari mrefu, nyoosha mkono uulize.

Jirani yako wa uzio ana haki nusu. Uzio mahali pake hufanya kazi, hasa pale njia inapoikaribia reli au karibu na shule. Uzio mrefu usio na nafasi, unaoziba kijia cha watoto bila kuwapa kivuko mbadala, utakatwa kwa koleo na kuachwa na tundu ambalo hakuna anayelilinda. Halafu kuna kisa kibaya zaidi cha uzio wa pande zote mbili: aliyeingia kupitia tundu anajikuta amefungiwa na treni ndani, hana pa kutokea. Binafsi hupenda mchanganyiko: uzio wa wavu wa urefu wa kifua mahali penye watu wengi, mtaro au vichaka vya miiba kwingineko, na mageti ambayo kikosi cha zimamoto kinaweza kuyafungua. Uzio uwe wa kuona upande wa pili. Ukuta wa mbao mrefu huwaficha watu wanaokaribia kivuko, na hata dereva hawaoni.

Sasa huyu anayetaka reli ing'olewe. Hapa wengi huchanganya sheria. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1983 inayoruhusu ukanda wa reli iliyoachwa kutumika kama njia ya matembezi huku haki ya kurudisha treni ikibaki, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali mwaka 1990. Lakini inahusu reli ambayo kampuni yenyewe imeomba kuacha kuitumia. Reli inayopita treni, hata moja kwa wiki, haimo. Halmashauri haina uwezo wa kuichukua kwa nguvu ikiwa kufanya hivyo kutavuruga treni, kwa sababu tangu sheria ya mwaka 1995 mambo hayo yako mikononi mwa bodi ya serikali ya shirikisho inayosimamia reli. Na hata pale reli ilipokuwa mali ya umma, kuing'oa hakukuwa jambo jepesi. Tume ya uchukuzi ya Kaunti ya Santa Cruz, California, ilinunua reli ya kilomita 51 hivi mwaka 2012, ikabishana miaka mingi, njia peke yake au njia pamoja na treni. Mwezi Juni 2022 pendekezo lililoelekea kwenye njia bila treni lilipigiwa kura, na zaidi ya wapiga kura saba kati ya kumi wakalikataa.

Maana yake kwenu ni kwamba mwenye neno la mwisho ni kampuni ya reli. Kampuni nyingi kubwa za mizigo hazipendi njia za watu ndani ya ardhi yao, na hawana sababu ya kuona aibu kusema hivyo: hawapati faida yoyote, wanapata hatari ya kushtakiwa. Mwulize mwenyekiti wa kikao kama kampuni imetoa ridhaa ya maandishi. Kama haijatoa, mnajadili ndoto. Wakati mwingine suluhisho ni halmashauri kununua kipande chembamba nje ya hifadhi ya reli, na mita zikaongezeka bila ugomvi.

Pale ambapo pande zote zimekubaliana, mambo haya huenda. Karibu na Cumberland, jimbo la Maryland, njia ya Great Allegheny Passage inakwenda sambamba na treni ya watalii, na wote hupita katika handaki moja la Brush. Kaskazini mwa San Francisco, treni ya abiria ya SMART iliyoanza safari mwaka 2017 ina njia ya baiskeli inayojengwa kipande kwa kipande kando yake. Ila usiruhusu mtu awasomee mifano hiyo kama ushahidi kamili. Treni ya watalii inayokwenda taratibu haifanani na mizigo ya usiku.

Kuhusu kubeba lawama: majimbo yote ya Marekani yana sheria inayomkinga kwa kiasi fulani mwenye ardhi aliyewaruhusu watu kuitumia bure kwa burudani. Kiasi hicho hutofautiana jimbo kwa jimbo, na kwa kawaida hakimlindi aliyefanya uzembe mkubwa au wa makusudi. Kampuni ya reli itadai zaidi ya hapo: mkataba ambao halmashauri inakubali kubeba madai, na bima. Gharama hiyo hulipwa kwa kodi yenu kila mwaka, siyo mara moja, na kwenye vikao huwa haitajwi mpaka aulize mtu. Uliza wewe.

Wizi na bei za nyumba, mambo yanayochukua nusu ya kila kikao, sitayatumia muda mrefu. Mwizi anayetaka uwanja wako wa nyuma ameshaweza kupita relini gizani, na njia yenye watu humpunguzia ujasiri. Faragha ndiyo hoja ya kweli, nayo hutatuliwa kwa miti na kimo cha njia. Udongo, hata hivyo, usiupuuze. Kando ya reli kongwe kuna mabaki ya dawa za magugu zenye aseniki, majivu ya makaa ya mawe, na mafuta ya kuhifadhia mataruma. Sampuli zipimwe kabla tingatinga halijapindua ardhi nyuma ya jikoni lako. Na wakiongeza kivuko, waulize kama honi itaongezeka. Kwenye vivuko vya barabara za umma sheria humtaka dereva aipige sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika, kwa sauti isiyopungua desibeli 96.

Kabla ya kikao fanya kazi moja ndogo. Nenda kwenye kivuko cha barabara kilicho karibu, bila kuingia relini, utafute kibao cha buluu chenye maandishi meupe. Kina simu ya dharura ya kampuni ya reli na namba ya kivuko, tarakimu sita na herufi moja. Ihifadhi simu hiyo. Kisha tumia ile namba kutafuta rekodi za kivuko hicho kwenye orodha ya Mamlaka ya Reli ya shirikisho, iliyo wazi kwa umma: treni ngapi kwa siku, mwendo wa juu unaoruhusiwa, na ajali zilizokwisha kutokea. Utaingia kikaoni na mwendo halisi wa treni mkononi, wakati wengine wana hofu na matumaini.

Kwa niliyoyasoma kwako, ningesimama upande wa kuunga mkono kwa masharti: ridhaa ya kampuni, umbali uliopimwa kutoka mstari wa katikati, na kivuko rasmi pale watoto wanapovuka sasa. Sharti la tatu likikataliwa, ningepinga, kwa sababu njia hiyo itawavuta watu wengi zaidi hadi ukingoni mwa reli na kuwaachia wavuke watakavyo.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama mpaka wa kiwanja chako unagusa hifadhi ya reli, mpelekee wakili wa ardhi hati yako, kwani baadhi ya ardhi za reli ni haki ya kupita tu na mwenye ardhi ni mwingine, na hilo likigundulika mradi ukiwa umeanza huleta kesi ndefu. Kuhusu mchoro, mwombeni mhandisi asiyelipwa na mkandarasi atembee nanyi ukanda wote pamoja na mwakilishi wa kampuni ya reli, maana bila ruhusa yake hata ninyi hamruhusiwi kuingia.

Na wanao wasisubiri kikao. Miradi hii huchukua miaka, na kutembea juu ya reli ni hatari na ni kosa kisheria leo hii. Wiki hii zungumza na mwalimu mkuu kuhusu njia mbadala, hata ikiwa ya kuzunguka, na umwombe awaalike watu wa Operation Lifesaver, shirika lililoanza Idaho mwaka 1972, ambao hufundisha usalama wa reli mashuleni bila malipo. Watoto husikiliza wageni kuliko mama zao, hilo unalijua.